Fataki na Chumvi: Bunduki za Kale katika Nchi ya Katwe

Mkusanyaji wa bastola za kale huanza na nakshi. Akishika Colt ya mwaka 1851 huigeuza silinda polepole akitafuta picha ya vita vya merikebu iliyochorwa pale. Ikiwa imefutika kwa kutumiwa, bei hushuka. Sisi tunaosoma historia ya Kasese tuanze na kitu kidogo zaidi, yaani fataki.

Leo fataki ni mchezo wa sherehe. Katika karne ya 19 ilikuwa kikofia cha shaba, kidogo kuliko ukucha, chenye dawa iliyolipuka ikigongwa na nyundo ya bunduki na kuiwasha baruti. Gumegume lilitaka jiwe tu, na risasi iliweza kuyeyushwa kijijini. Fataki ilitoka kiwandani ng'ambo.

Speke alilijua jambo hilo. Zawadi alizompa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1862 zilikuwa na bastola moja ya silinda na sanduku la fataki. Alipotakiwa kuua ng'ombe wanne, aliazima bastola hiyohiyo aliyoitoa, na kwa risasi ya tano akammaliza wa mwisho, aliyekuwa amejeruhiwa na kumgeukia. Sanduku lile likiisha, bastola ingebaki chuma.

Huku kwetu hoja hii inaonekana vizuri zaidi Katwe. Mukama Kabalega wa Bunyoro aliliweka ziwa la chumvi chini ya askari wake, barusura, waliokuwa na bunduki zilizonunuliwa kwa pembe za ndovu kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Stanley alifika hapo Juni 1889. Msafara wake ulikuwa umepewa na serikali ya Misri fataki 350,000 pamoja na bunduki 510 za Remington, ambazo hazihitaji fataki ya pembeni kwa kuwa imo ndani ya risasi yenyewe. Barusura waliondoka. Mwaka 1891 Lugard akaja na Maxim, akajenga Fort George kando ya chumvi.

Wapo wanaoeleza kushindwa huko kwa uhaba wa bunduki. Mimi naona tatizo lilikuwa njia: kila mlio wa bunduki Katwe ulitegemea kikofia kilichobebwa kichwani miezi kadhaa. Na Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipozuia biashara ya silaha, kilichoruhusiwa kuuzwa ni gumegume. Watu walirudishwa kwenye jiwe.

Nani basi akusanye mabaki ya historia hii? Wapiganaji wa Rwenzururu walisalimisha silaha mwaka 1982, na Novemba 2016 zaidi ya watu 100 waliuawa mjini Kasese katika mashambulizi ya jeshi na polisi. Ukiuliza Bwera habari za bunduki ya babu, swali linasikika kama upekuzi, na mazungumzo hukatika. Uliza badala yake chumvi ya Katwe ilivyobebwa hadi Kongo. Mzee atavuta kiti, na bunduki itaingia yenyewe katikati ya maelezo.