Bila Uzito, si Bila Mvutano

Habari za angani zinapoandikwa kwa Kiswahili, mara nyingi tunaambiwa mwanaanga anaelea kwa sababu yuko mahali pasipo na mvutano wa dunia. Si kweli. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na huko mvutano ni karibu asilimia 90 ya huu wa huku chini. Lau ungejengwa mnara wa kimo hicho na mtu wa kilo 60 akapanda hadi kileleni, mizani ingeonyesha kilo 53.

Basi kwa nini anaelea? Kwa sababu anaanguka. Yeye, kijiko chake na kituo chenyewe vinaanguka pamoja, huku vikienda mbele kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kadiri vinavyoanguka, ndivyo uso wa dunia unavyopinda chini yake, wala havifiki chini. Uzito tunaouhisi ni sakafu inayotusukuma miguuni. Sakafu ikianguka pamoja nasi, msukumo huo haupo.

Mwalimu anaweza kulionyesha hili kwa chupa ya maji ya plastiki. Itobolewe karibu na kitako kwa msumari, tundu lizibwe kwa kidole, ijazwe maji. Kidole kikitoka, maji yanaruka nje. Sasa mwanafunzi apande juu ya meza na kuiachia chupa iangukie kwenye beseni: ikiwa hewani, maji hayatoki! Tukio lenyewe halimalizi hata sekunde moja, kwa hiyo ni vyema lirekodiwe kwa simu na kutazamwa polepole. Mvutano haukuondoka darasani. Ndio ulioiangusha chupa. Kule Bremen, Ujerumani, watafiti hutumia kanuni hiyohiyo katika mnara ambamo vifaa huanguka mita 110 kwa sekunde 4.7 hivi.

Wanasayansi huiita hali hii maikrograviti. Neno hilo linatamkika, lakini kwa mwanafunzi lina kasoro ileile: linamfanya adhani graviti yenyewe, yaani mvutano, imekuwa ndogo. "Hali ya bila uzito" inafaa zaidi, kwani inataja kile kinachokosekana kweli.

Lakini istilahi hiyo haisimami peke yake. Inahitaji tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, ambacho wengine hukiita masi. Uzito ukikosekana, tungamo hubaki palepale. Hili nalo mwalimu anaweza kulionyesha. Ubapa wa msumeno wa chuma, meno yakiwa yamefunikwa kwa selotepu, ufungwe ukingoni mwa meza huku sehemu kubwa ikitokeza nje. Ncha yake ifungiwe kikopo chenye sarafu, kisha ivutwe pembeni na kuachiwa. Wanafunzi wahesabu inacheza mara ngapi kwa nusu dakika. Sarafu zikiongezwa, inacheza polepole zaidi, na kinachoichelewesha ni tungamo. Ndivyo wanaanga walivyopimwa katika kituo cha Skylab, kilichorushwa na Marekani mwaka 1973: waliketi kwenye kiti chenye springi kilichoyumba huku na huku, na muda wa kuyumba ukaonyesha tungamo ya mwili.

Waandishi wa vitabu vya shule na wahariri wa habari za sayansi waache kuandika "bila mvutano". Waandike "hali ya bila uzito", na katika ukurasa huohuo waieleze tungamo.