Jamii ya Miungu: Istilahi na Mfano wa Mbulu na Hanang

Panthioni ni istilahi yenye asili ya Kigiriki, iliyoundwa kwa maneno mawili yenye maana ya "yote" na "mungu", na hutaja miungu ya utamaduni mmoja inapotazamwa kwa pamoja. Katika michezo ya uigizaji, ambamo kila mchezaji hunena na kutenda kama mhusika wa ulimwengu wa kubuni huku mwongozaji akisimulia yanayotokea, istilahi hii ilienea baada ya mchezo wa Dungeons & Dragons kutolewa Marekani mwaka 1974. Tangu hapo watunzi wengi wamezoea kuunda miungu kwa kuigawia kazi, huyu wa vita, yule wa bahari, kana kwamba wanajaza nafasi za ofisini.

Kwa Kiswahili, tafsiri inayofaa ni "jamii ya miungu", kwa kuwa neno jamii hudai uhusiano, wajibu na hata ugomvi baina ya wanajamii, mambo ambayo "orodha ya miungu" haiyabebi. Masimulizi yanayoeleza uhusiano huo ni visasili, yaani hadithi zinazosadikiwa na wenyewe kuwa kweli tukufu kuhusu asili ya ulimwengu, ya mauti na ya desturi, tofauti na ngano ambayo msimulizi na msikilizaji wote wanajua kuwa imebuniwa.

Ubora wa tafsiri hiyo, pamoja na upungufu wake, huonekana wazi katika wilaya za Mbulu na Hanang nchini Tanzania, ambako watu wa lugha zisizo na undugu wamekuwa majirani kwa muda mrefu. Katika imani ya jadi ya Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, mwenye enzi ni Lo'a, anayehusishwa na jua na kutajwa kuwa wa kike, mwenye huruma na mtoaji wa mema. Chini yake wapo neetlangw, wanaosemwa kuwa wa kiume, wakaao kwenye chemchemi na mito, ambao huweza kumdhuru mtu. Wazee humwomba Lo'a kwa slufay, sala ndefu ya kishairi ambayo wasikilizaji huiitikia. Hapa mfasiri anapaswa kuwa mwangalifu sana, kwa sababu akiandika "Mungu" peke yake, sarufi ya Kiswahili, isiyotenga mke na mume katika viwakilishi, humfuta mama huyo kimyakimya. Na akiwaita neetlangw "miungu", huwapandisha cheo wasichokuwa nacho, ilhali "pepo wa maji" huwaacha mahali pao. Kwa hiyo jamii ya miungu iruhusiwe kuwa na mungu mmoja tu, akizungukwa na nguvu ndogo zaidi.

Wadatooga wa Hanang, wafugaji wenye lugha ya Kiniloti, humwita Mungu Aseeta, naye pia hufungamanishwa na jua. Pamoja naye wamo wazee waliofariki, na mzee aliyeheshimika hufanyiwa bung'eda, mazishi ya miezi mingi yanayojenga tuta kubwa juu ya kaburi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda nao humtaja Ishoko, jua la kike, na Haine, mwezi. Jua ni lilelile juu ya watu wote hao, lakini deni ambalo kila jamii inalo kwake si moja.

Jambo hili ndilo mtunzi wa ulimwengu wa kubuni anapaswa kujifunza: aanze na chemchemi, kaburi na mvua, aulize ni nani anayeogopwa hapo, anaombwa kwa maneno gani na mtu akikosea hutakaswaje, kisha majina yafuate. Na mtunzi asiyachukue majina ya Lo'a na Aseeta kuwa mapambo ya mchezo, kwa kuwa wapo watu hai wanaoyataja katika sala; abuni yake mwenyewe.