Kifafa, foleti na wanawake walioachwa nje ya mlango

Leo naomba tuongee kuhusu vidonge viwili. Cha kwanza ni fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo dawa ya kifafa kwa watu wa vijijini. Cha pili ni foliki asidi, ambayo akina mama wengi wa Bukoba na Muleba wanaijua kama sehemu ya "dawa ya kuongeza damu" wanayopewa kliniki.

Vidonge hivi vina ugomvi wa zaidi ya miaka sitini. Nimeufuatilia kwenye majarida ya tiba, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoamini kwamba habari hii inamhusu binti wa Kamachumu kuliko inavyomhusu profesa wa London.

Tuanze na kifafa. Mwaka 1912 daktari kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, alikuwa akihudumia wagonjwa mjini Freiburg. Aliwapa wagonjwa wa kifafa dawa mpya ya usingizi ya kampuni ya Bayer iliyoitwa Luminal. Walilala, lakini pia akaona kwamba kuanguka kwao kumepungua sana. Luminal ndiyo fenobabitoni. Mwaka 1938, huko Marekani, Tracy Putnam na Houston Merritt wakatangaza dawa nyingine, fenitoini, ambayo waliijaribu kwanza kwa paka.

Foleti nayo ina hadithi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari Mwingereza Lucy Wills alikwenda Bombay kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wakiishiwa damu na kufa. Mwaka 1931 aliandika kwamba hali yao ilitengemaa walipolishwa Marmite, ile rojo nyeusi ya hamira ambayo Waingereza wanapaka kwenye mkate. Kitu gani kilichowaponya? Jibu lilikuja baadaye. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walikitoa kwenye mchicha wa kizungu na kukiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani. Ndiyo foliki asidi. Mwili unaihitaji ili kutengeneza vinasaba kila seli inapogawanyika. Imo kwenye mboga za majani, na imo kwa wingi kwenye maharage. Naam, maharage haya haya tunayopika na ndizi huku kwetu.

Sasa ugomvi wenyewe. Mwaka 1952 zilianza kuandikwa habari za wagonjwa wa kifafa wanaotumia fenitoini ambao damu yao ilikuwa na chembe kubwa kupita kiasi, zisizokomaa. Ni ugonjwa uleule wa wanawake wa Bombay! Ikaja kueleweka kwamba fenitoini na fenobabitoni hushusha foleti mwilini. Dawa hizi hulisukuma ini lifanye kazi kupita kawaida, na foleti hutumika haraka zaidi. Inadhaniwa pia kwamba zinavuruga namna utumbo unavyoinyonya.

Utasema basi dawa ni rahisi, mpe mgonjwa foliki asidi, yameisha. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 1960 Chanarin na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza habari za mgonjwa aliyepungukiwa damu kwa sababu ya fenobabitoni. Walipomtibu kwa foliki asidi, degedege zikazidi. Miaka michache baadaye daktari Edward Reynolds aliwapa foliki asidi wagonjwa wa kifafa waliokuwa na foleti ndogo. Wengi walichangamka akili na hisia zao, lakini baadhi walianguka zaidi. Mwaka 1971 ikaonekana pia kwamba foliki asidi inaweza kushusha kiwango cha fenitoini kwenye damu. Kwa hiyo kila kidonge kinamlia mwenzake.

Majaribio yaliyofuata, yale yenye kundi la kulinganisha, kwa sehemu kubwa hayakuona degedege zikiongezeka. Lakini hofu ilikuwa imeshaingia nyumbani na kuketi kitini.

Mwaka huohuo wa 1960, nchini kwetu, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, kwa Wapogoro. Aliwakuta watu wanaotengwa, wanaokula peke yao, wenye makovu ya moto kwa sababu waliangukia mafiga na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Akaanza kuwapa fenobabitoni, na watu wakarudi shambani, wakaoa, wakaolewa. Mwaka 1992 Rwiza na wenzake walichapisha hesabu ya wilaya hiyohiyo ya Ulanga: watu kama 10 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Mahenge ni mbali na ziwa letu, najua. Lakini dawa ni ileile, mafiga ni yaleyale, na ile imani kwamba povu la mgonjwa linaambukiza mnaijua wenyewe.

Angalia maneno hayo: wakaoa, wakaolewa. Msichana aliyetulia kwa dawa anaolewa, anabeba mimba. Je, dawa inamfanya nini mtoto?

Mwaka 1968 daktari Roy Meadow wa Uingereza aliandika kwamba ameona watoto wenye mdomo sungura waliozaliwa na mama wanaotumia dawa za kifafa. Mwaka 1982 taarifa kutoka Lyon, Ufaransa, ikahusisha dawa nyingine, valproeti, na watoto wenye mgongo wazi. Wakati huo huo watafiti wengine walikuwa wakishuku kwamba foleti ndogo ndiyo chanzo kimojawapo cha mgongo wazi kwa wanawake wote, wenye kifafa na wasio nacho.

Jibu kubwa lilitoka mwaka 1991. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilikamilisha utafiti wa wanawake 1,817 katika vituo 33 vya nchi 7. Wote walikuwa wameshapata mimba yenye kasoro hiyo. Waliopewa miligramu 4 za foliki asidi kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba, hatari kwao ilipungua kwa asilimia 72. Ni ushindi mkubwa wa tiba ya kinga!

Lakini soma masharti ya kushiriki. Wanawake wenye kifafa hawakuruhusiwa. Sababu? Hofu kwamba foliki asidi ingeharibu matibabu yao.

Niliposoma mstari huo nilisimama. Wanawake ambao dawa zao zinashusha foleti, ambao watoto wao wako hatarini zaidi, ndio walioachwa nje ya mlango. Nia ilikuwa njema, sikatai. Matokeo yake ni kwamba hadi leo madaktari wanawaandikia kwa kukisia. Miongozo mingine inasema miligramu 0.4, mingine inasema 5. Na mwaka 2022 watafiti wa Denmark, Norway na Sweden waliripoti uhusiano kati ya dozi kubwa kwa mama wenye kifafa na saratani kwa watoto wao. Uhusiano peke yake hauthibitishi chanzo, lakini unaonyesha kwamba swali la dozi halijafungwa.

Turudi Muleba, ambako fundo linakaza zaidi. Huku kuna malaria, na mjamzito hupewa SP kumkinga. SP inafanya kazi kwa kumnyima kijidudu cha malaria uwezo wa kutengeneza foleti yake. Ukijaza damu kwa foliki asidi nyingi, unaweza kumlisha adui. Mwaka 2006 utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, ng'ambo ya ziwa hili hili, ulichapishwa: miligramu 5 za foliki asidi zilipunguza nguvu ya SP kwa wajawazito wenye malaria, miligramu 0.4 hazikufanya hivyo. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba dozi ya 5 au zaidi isiambatane na SP. Sasa mwambie mwanamke mwenye kifafa afuate mwongozo upi?

Kwa bahati, kalenda inaweza kuwapatanisha. Mfereji unaokuwa uti wa mgongo wa mtoto hufunga kama siku ya 28 baada ya mimba kutunga. SP huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kama daktari ameona dozi kubwa inafaa, nafasi yake ni kabla ya mimba na mwanzoni mwake, kisha inashushwa kabla ya SP.

Tatizo ni kwamba siku ya 28 wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Kliniki wanaenda baadaye, na dawa ya damu wanaikuta huko, mlango wa mgongo ukiwa umeshafungwa au umebaki wazi. Serikali ilipitisha mwaka 2011 kanuni za kuweka foliki asidi kwenye unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Ni jambo jema, lakini mlo wetu hapa ni ndizi, na ndizi haipiti kiwandani. Maharage yanasaidia, ila sehemu ya foleti huharibika kwa moto na nyingine huishia kwenye maji yanayomwagwa. Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, safari ya Bugando, Mwanza, inaanza.

Ndiyo maana nasema mahali pa kuzungumzia foleti ni pale dirishani binti anapochukua dawa yake ya kifafa, hata kama ana miaka 16 na hajafikiria ndoa. Ulizwe mpango wa uzazi hapo. Ielezwe foliki asidi hapo. Kama anapewa valproeti, iulizwe kwa nini, maana mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema isiandikwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba, na foliki asidi haijathibitika kuifuta hatari yake.

Na jambo moja la mwisho, tafadhali: asiache mtu dawa ya kifafa kwa sababu ya makala hii. Kuikatisha ghafla huleta degedege zisizokoma, zinazoua mama na mtoto. Aende Ndolage, Rubya, hospitali ya mkoa pale Bukoba, popote palipo karibu, na aulize swali moja: "Daktari, nikitaka mtoto, tupange vipi?"

Aliulize kabla ya mimba.