Vigari vya Kuchezea Kama Hati za Historia

Watu wengi wakimwona mtu mzima amepanga vigari vya kuchezea kabatini, humdhania kuwa amerudia utoto. Dhana hiyo haina msingi. Kigari kilichotengenezwa kwa kipimo, kikafanana na gari lenyewe kwa umbo, rangi na nambari, ni hati ya historia kama zilivyo stempu na sarafu. Katika makala haya tutaeleza jinsi vigari hivyo vilivyozaliwa, namna Afrika Mashariki ilivyoingia katika habari zake, na jambo linalotupasa sisi walimu kulifanya.

Vigari hivi hutengenezwa kwa kuyeyusha mchanganyiko wa zinki, alumini na madini mengine, kisha kuusukuma kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, iliyoanzishwa na Frank Hornby, iliviuza kwa jina la Dinky Toys tangu mwaka 1934. Kipimo cha 1:43 maana yake ni kwamba gari limepunguzwa mara 43, na cha 1:64 limepunguzwa mara 64. Kwa kipimo hicho cha pili, gari lenye urefu wa mita 5 huwa na sentimita 8 hivi, likaenea katika kiganja cha mtoto.

Mwaka 1953 una nafasi ya pekee katika habari hizi. Mwaka huo Malkia Elizabeth wa Pili alivishwa taji, na kampuni ya Lesney ya London ikauza kigari kidogo cha farasi kilichofanana na kile alichopanda Malkia. Viliuzwa zaidi ya milioni moja, na faida yake ikasaidia kuanzisha vigari vya Matchbox. Jina hilo lina maana ya kisanduku cha kiberiti. Yasemekana kwamba binti wa Jack Odell, mmoja wa wenye kampuni, alisoma katika shule iliyoruhusu tu vitu vya kuchezea vinavyoenea ndani ya kisanduku cha kiberiti, ndipo baba akamtengenezea kimoja.

Taji lile lile lilizaa jambo jingine huku kwetu. Ili kuadhimisha sherehe hiyo, mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, yakaitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likabadilishwa kuwa East African Safari. Hivyo neno letu la Kiswahili, ambalo nasi tulilipata kwa Waarabu, likapanda magari na kuzunguka dunia. Mashindano yenyewe yalikuwa magumu mno kwa sababu ya matope, vumbi na mito iliyofurika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, na 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho.

Wakati huo huo Wamarekani walikuwa wakibuni magari ya aina yake. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilitoa GTO, gari la umbo la wastani lililotiwa injini kubwa ya silinda 8, kwa bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kuimudu. Magari ya namna hiyo yakaja kuitwa magari ya misuli. Mwaka ule ule, wakati wa Pasaka, kikosi cha magari ya Mercury Comet, nayo ya silinda 8, kililetwa kutoka Marekani kushindana katika Safari. Mengi hayakumaliza, mawili tu ndiyo yaliyofika. Ushindi ulichukuliwa na Peter Hughes wa Kenya kwa Ford Cortina GT, gari dogo la Kiingereza. Barabara zetu zilionyesha kwamba misuli peke yake haitoshi palipo na matope.

Nguvu ya magari ya misuli haikudumu hata kwao. Gharama za bima, sheria za kupunguza moshi na upungufu wa mafuta wa mwaka 1973 viliyazima. Yaliyobaki, kwa watu wengi, ni vigari. Kampuni ya Mattel ya Marekani ilianzisha Hot Wheels mwaka 1968 kwa vigari 16, na miongoni mwake vilikuwamo Camaro, Mustang na Barracuda. Mtoto aliyevichezea akakua, naye leo huvitafuta kwa bei kubwa, hasa kikiwa na kisanduku chake na rangi yake haijabanduka.

Je, Safari yetu nayo ilitengenezewa vigari? Naam. Kampuni ya Corgi, Uingereza, ilitoa katika miaka ya 1960 Volkswagen ya East African Safari, na katika miaka ya 1970 ikatoa Datsun 240Z, gari lililoshinda mwaka 1971 na 1973. Lakini tuitazame hiyo Volkswagen kwa makini: ndani ya kisanduku chake mlitiwa pia kifaru mdogo. Madereva walipambana na matope kuliko kifaru. Mtengenezaji ndiye aliyemtaka kifaru, kwa kuwa kwake Afrika haikukamilika bila mnyama wa porini. Hapo ndipo msomaji wa historia hupata funzo. Hati husema yaliyotokea, na husema pia yaliyokuwamo kichwani mwa aliyeiandika.

Basi, ni nani aliyetengeneza vigari vya Afrika kwa macho ya Waafrika? Ni watoto wetu. Kwenye miteremko ya Rebero, kama vijijini kote Afrika Mashariki, mtoto hukunja waya, hukata kandambili kuukuu akapata magurudumu, akafunga fimbo ndefu ya usukani na kukimbia nyuma ya gari lake. Hatii kifaru. Hutengeneza lori la mchanga na pikapu alizoziona zikipanda kilima. Huo nao ni ufundi wa kupima na kufananisha. Tofauti ni kwamba vigari vya Liverpool na London viliandikwa katika orodha na kuhifadhiwa kabatini, hali vya watoto wetu vilitupwa jalalani vilipovunjika, na pamoja navyo ikapotea habari ya magari ya kila kizazi.

Ndugu walimu, kazi hii iko ndani ya uwezo wetu. Mwanafunzi aje na gari lake la waya darasani, alieleze kwa Kiswahili: usukani, gurudumu, ekseli, taa, breki. Hapa Rwanda huenda akasema feri kwa breki, kwa kuwa neno hilo lilitoka kwa Wafaransa; hilo nalo ni historia, wala si kosa la kucheka. Kisha gari liandikwe katika daftari: limetengenezwa na nani, lini, kwa vitu gani, na kwa kufuata gari lipi. Shule ikikusanya magari 10 kila mwaka, baada ya miaka 10 itakuwa na kumbukumbu ambayo hakuna kiwanda kilichoiweka. Wahenga walitutahadharisha: mali bila daftari hupotea bila habari.