Kwa Nini Mtoto Apasuliwe Moyo Mara Mbili?

Mama mmoja wa Mabatini ametuuliza: "Daktari anasema mtoto wangu atapasuliwa moyo mara mbili. Mbona wasimalize kazi mara moja?" Mama, jibu liko katika historia, kwa hivyo turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1938, mjini Boston, Marekani, Robert Gross alifunga mshipa ambao kwa kawaida hujifunga wenyewe mtoto akishazaliwa. Alipitia ubavuni, na moyo wenyewe hakuufungua.

Kisha kulikuwa na watoto wanaogeuka rangi ya samawati kwa sababu damu haifiki mapafuni vya kutosha. Tarehe 29 Novemba 1944, huko Baltimore, Alfred Blalock aliunganisha mshipa unaopeleka damu mkononi na ule wa mapafu, kwa mtoto wa miezi 15. Wazo lilitoka kwa Helen Taussig, daktari wa watoto. Lakini aliyeijaribu kazi hiyo kwanza kwa mbwa, na siku hiyo akasimama nyuma ya Blalock akimwelekeza, ni Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyekuwa fundi seremala. Hakuwahi kusomea udaktari. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa, ndiyo maana mimi hulitaja.

Hata hivyo kasoro ilibaki ndani ya moyo. Kuirekebisha kulihitaji damu izungushwe na kitu kingine. John Gibbon alifaulu kwa mashine mwaka 1953. Mwaka uliofuata, Walton Lillehei wa Minnesota aliunganisha mtoto na mzazi wake, moyo wa mzazi ukafanya kazi ya wote wawili. Hebu fikiria hatari hiyo! Mwishowe mashine ndiyo iliyoshika.

Hapa Nairobi, Hospitali ya Kenyatta ilianza kufungua moyo miaka ya 1970, na mbio za Mater za kuchangia watoto hawa zilianza 1993.

Sasa, mama, mtoto mdogo mno, au mwenye mishipa myembamba ya mapafu, huenda akapewa kwanza njia ya akina Blalock ili akue, kisha moyo urekebishwe. Wengine hurekebishwa mara moja wakiwa wachanga. Baadhi ya matundu huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitia pajani, bila kupasua kifua, lakini si kila tundu.

Linalotutia hofu ni kuchelewa. Tundu kubwa likiachwa kwa miaka, mishipa ya mapafu huharibika, na hapo daktari hawezi tena kuliziba. Mtoto kama huyo hageuki samawati mapema. Hutokwa jasho akinyonya, haongezi uzito, na kila mara huambiwa ana nimonia. Na kwa ngozi yetu, usitazame mashavu. Tazama ulimi na ufizi.

Kwa hivyo mama, ukirudi kliniki muulize daktari: pasuo la pili ni lini, na ni dalili gani zitatufanya tuje mapema?