Mettle: neno la Kiingereza lililozaliwa ndani ya madini

Kiingereza kina neno «mettle», linalotamkwa karibu sawa na «metal», yaani chuma, shaba na madini mengine. Maana yake ni ule moto wa ndani unaomfanya mtu asimame wakati mambo inakuwa nguvu: uhodari, bidii na uvumilivu, vyote pamoja. Mwenye kulitafutia Kiswahili hapati neno moja la kulijibu. Anapata matano au sita, na kila moja linashika upande wake tu.

Asili yake

Zamani «mettle» na «metal» yalikuwa neno moja. Wagiriki walisema «metallon» kwa shimo la kuchimba mawe na madini. Walatini wakalichukua, Wafaransa wakalifanya «métal», na Waingereza wakalipokea kutoka kwao. Wakati wa Shakespeare, kati ya miaka ya 1500 na 1600, watu waliliandika namna zote mbili, wakitaka kusema madini au moyo wa mtu. Baadaye maandishi yaligawanyika: moja likabaki kwa mafundi, lingine likaenda kwa tabia za watu, na za farasi pia, kwani farasi mwepesi asiyengoja fimbo alisifiwa kwa neno hilo hilo.

Mkaaji wa Lubumbashi hana shida kuelewa safari hiyo. Kabla ya Wazungu kufika, mafundi wa Katanga walitia malakiti, lile jiwe la kijani, katika tanuru za udongo pamoja na makala, wakavuvia moto mpaka shaba ikashuka. Walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama franga. Tangu 1911 kazi hiyo ilifanywa na tanuru kubwa za Union Minière, na wakati wa Zaïre jimbo zima liliitwa Shaba. Fundi alijua jambo moja: jiwe halitoi shaba yake mpaka lipite motoni. «Mettle» njo vile. Siku ya raha haionekani. Njo maana Waingereza wanasema mettle ya mtu inapimwa, ao mtu ameonyesha mettle yake.

Ndugu zake katika Kiswahili

Nguvu. Lubumbashi watu wanasema «ule kijana iko na nguvu», na tena wanasema «maisha iko nguvu». Neno moja linataja mzigo na bega la kuubeba. Liko karibu sana na mettle, lakini linaingia pia kwa mwili na kwa serikali: kitu kinachofanywa «kwa nguvu» kinaweza kuwa ubaya mtupu.

Moyo. Moyo mtu anaweza kupewa na mwingine, na unaweza kuvunjika. Mettle haipewi. Rafiki anaweza tu kuiamsha ile iliyokuwamo.

Ari. Neno hili lilitoka Kiarabu, na kule maana yake ni aibu. Mwenye ari anasukumwa na hofu ya kuaibika: aliyeambiwa hatafaulu mtihani, anakesha na vitabu.

Mori. Huu ni ukali wa vita. Unapanda, unashuka, na ukishuka mtu anaweza kujuta.

Hamasa. Hii ni ya kundi. Inawaka pamoja na ngoma na vigelegele, na inaweza kuzimika watu wakirudi nyumbani. Vijana wa Tanzania wana pia «mzuka», neno ambalo kwanza lilikuwa pepo anayetokea ghafla, na leo ni ile hali ya kuchangamka.

Courage. Hili la Kifaransa limekuwa letu. Linasemwa kwa mgonjwa, kwa mfiwa, kwa mama anayebeba bidhaa kwenda soko: «Courage, mama.» Ndani yake kuna huruma. Katika mettle hakuna huruma, kuna heshima.

Haina maana ya kushinda

Mwaka wa 2010, TP Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kucheza Kombe la Dunia la vilabu. Tarehe 14 Desemba iliipiga Internacional ya Brazil 2-0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya mashindano hayo. Siku nne baadaye ilipigwa 3-0 na Inter ya Milano. Hamasa ilikuwa ya sisi wote tuliokuwa mbele ya televizyo. Mettle ilikuwa ya wachezaji, na 3-0 haikuifuta.

Nani anapima?

Hapa njo penye uzito. Wafanyakazi weusi wa Union Minière walikuwa wanasifiwa kwa nguvu zao walipochimba na kuyeyusha shaba ya vita. Desemba 1941 waliposimamisha kazi kuomba mshahara wa kuishi, nguvu zile zile zilionekana uasi. Askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Makumi ya watu walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi, mmoja wa viongozi wa mgomo.

Kiswahili chetu kina jina la hatari hiyo: «kichwa nguvu», yaani mtu asiyesikia. Mara nyingi mwenye kuvumilia mzigo anaitwa hodari, na siku anapouliza kwa nini mzigo ni wake peke yake, anaitwa kichwa nguvu. Moto ndani yake haukubadilika. Aliyebadilika ni mwenye kupima.

Basi, anayetafsiri «mettle» aangalie kwanza moto umetoka wapi. Ukitoka kwa aibu, aseme ari. Ukitoka kwa kundi, aseme hamasa. Kama mtu yuko peke yake, kazi iko nguvu, na hakimbii, aseme tu: «Ule iko na nguvu.» Lubumbashi wataelewa.