Ghuba ya Bukumbi na Mgeni Asiyetarajiwa



Wapendwa wasomaji, Jumamosi iliyopita niliongozana na vijana wa parokia kwenda Bukumbi, upande wa kusini wa Mwanza, mahali ambapo ziwa letu linaingia ndani ya nchi kama mkono mrefu. Nia yetu ilikuwa kuhiji kidogo na kupumzika kidogo. Wapo waliokwenda kwa ajili ya sala, na wapo, nadhani walio wengi, waliokwenda kwa ajili ya samaki. Sikuwalaumu, hata Mitume walikula samaki ufukoni.

Tulishuka kwa miguu kuelekea majini kwa kufuata bonde dogo lenye miti. Yeyote aijuaye nchi ya Wasukuma anajua kwamba bonde la namna hiyo ni hazina, maana sehemu kubwa ya misitu yetu imekwisha kwa jembe, mifugo na mkaa. Mikuyu imeshikilia majabali kwa mizizi yake, mikwaju imetandaza kivuli, na chini yake kuna ubaridi usiolingana na jua lililoko juu ya mashamba ya mihogo. Kisha miti inafunguka ghafla na ghuba ndogo inajitokeza: mawe makubwa yamebebana, matete yamezunguka maji, na mnandi ametandaza mabawa yake juu ya jiwe akiyakausha. Mitumbwi miwili ilikuwa imevutwa mchangani. Kutoka njia kuu mtu hawezi kudhani kwamba kuna maji karibu kiasi hicho.

Msichana mmoja akasema, “Baba, hapa mtu angeweza kujificha maisha yake yote.”

Alisema kweli kuliko alivyojua. Nikawaketisha chini ya mkuyu, nikawasimulia habari ambayo leo napenda kuwashirikisha nanyi.

Habari yenyewe inaanzia kwenye ghuba nyingine, Kageye, iliyoko mashariki ya mji wa Mwanza, kando ya Ghuba ya Speke. Tarehe 27 Februari 1875 Henry Morton Stanley alifika hapo baada ya safari ya siku 103 kutoka Bagamoyo. Aliondoka pwani na watu 356. Alipowahesabu Kageye, Waungwana waliobaki, askari na wapagazi, walikuwa 166. Wengine walikufa kwa njaa, maradhi na mapigano, wengine walitoroka njiani. Ndio waliobeba mabegani vipande vya mashua yake, Lady Alice, mpaka kwenye ziwa. Jina la mashua limehifadhiwa vitabuni. Majina ya wengi wa wale mabega hayakuhifadhiwa.

Kageye wakati huo ilikuwa kijiji cha Mtemi Kaduma, na wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wamekwisha kuifanya kituo chao. Pembe za ndovu zilipitia hapo, na binadamu pia walipitia hapo. Ni vema kulikumbuka hilo tunapousifu uzuri wa ghuba hizi. Maji yaliyotulia yanayotupendeza sisi yalimpendeza vilevile mwenye kuuza watumwa, kwa sababu chombo kilikuwa salama humo.

Miaka michache baadaye walifika Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu wamezoea kuwaita White Fathers. Wamisionari kumi waliondoka Bagamoyo mwezi Juni 1878 wakiwa wametumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers. Mmoja wao, Padri Pascal, alifariki njiani mwezi Agosti. Huko Tabora msafara uligawanyika, kundi moja likaelekea Tanganyika, jingine likaja huku kwetu, likafika Kageye mwisho wa mwaka ule. Tarehe 20 Januari 1879 Padri Siméon Lourdel, kijana wa miaka 25, pamoja na Bruda Amans, walipanda mtumbwi kwenda kuomba ruhusa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Walitia nanga Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari. Wenzao, wakiongozwa na Padri Livinhac, walibaki Kageye wakingoja kwa miezi mpaka walipoweza kuwafuata mwezi Juni. Hivyo Kanisa la Uganda lililozaa mashahidi lilisubiri kwanza kwenye ufuko wa Usukuma.

Lakini ukarimu wa mfalme ulibadilika, na mwezi Novemba 1882 wamisionari waliona heri waondoke Rubaga. Walivuka tena ziwa kurudi kusini wakiwa na watoto waliokuwa wamekombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, mahali palipoitwa Kamoga, wakaiweka chini ya ulinzi wa Bikira Maria. Katika misioni zao wakati huo baadhi ya watoto walikombolewa kwa kununuliwa kutoka kwa wafanyabiashara. Mpaka leo wapo wanaouliza kama fedha ile haikumnufaisha muuzaji. Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Nasema tu kwamba mtoto aliyesimama mbele yao hakuweza kungoja hadi lijibiwe.

Basi ghuba hii ikawa makimbilio. Iliwapokea mapadri waliofukuzwa, ikawapokea yatima. Na mwaka 1888 ikampokea mtu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Mutesa alikuwa amefariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Huyu aliwaita mapadri warudi, na Lourdel akarudi mwaka 1885. Yaliyofuata mnayajua. Mwezi Novemba mwaka huohuo Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa. Mwezi Mei 1886 Lourdel alikuwapo Munyonyo, akawaona kwa macho yake vijana aliowafundisha wakipitishwa wamefungwa kamba, wala hakuweza kuwaokoa. Tarehe 3 Juni Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto Namugongo. Hao ndio mashahidi 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na pamoja nao tunawakumbuka Waanglikana waliouawa kwa ajili ya Kristo yuleyule.

Mwezi Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Akakimbia kwa mitumbwi kuvuka ziwa, akafika Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, ambao walimweka kama mateka kuliko mgeni. Mwezi Oktoba wamisionari nao walifukuzwa. Wakatoliki na Waanglikana, waliokuwa wamebishana kwa miaka mbele ya wafalme, wakajikuta ndani ya mashua moja, mali ya misioni ya Kianglikana, na njiani kiboko akaitoboa. Baadhi ya watoto waliokuwamo walizama. Waliosalimika waliendelea na safari, na mapadri wakafika hapa Bukumbi.

Hazikupita siku nyingi, Mwanga akatoroka Magu na kuja kubisha hodi Bukumbi.

Nilipofika hapo nikanyamaza kidogo. Vijana nao walinyamaza. Kisha mmoja akauliza, “Baba, wakamfanyaje?”

Wakampokea. Padri Lourdel, aliyewaona watoto wake wa kiroho wakipelekwa motoni, alimpa mahali pa kulala mtu aliyetoa amri. Wakristo wa Buganda waliokuwa uhamishoni, ambao ndugu na rafiki zao walikuwa majivu ya Namugongo, waliishi naye hapa. Kwa muda wa miezi kadhaa mtesi na walioteswa walikunywa maji ya ziwa hili moja, mpaka mwaka 1889 alipoondoka kwa chombo cha mfanyabiashara Charles Stokes kwenda kuutafuta ufalme wake, akaupata tena.

Kijana yule hakuridhika. “Baba, si walikuwa wanataka tu awarudishe Uganda?”

Nilimjibu kwamba ndiyo, siasa ilikuwamo. Wakristo walihitaji mfalme wa kurudi naye, na mapadri walihitaji mlango wa kurudia. Wala hatupaswi kuipamba habari hii kana kwamba baada yake wote waliishi kwa amani. Mwezi Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana huko Mengo kwa bunduki. Askofu Hirth, aliyepewa daraja la uaskofu hapahapa Kamoga tarehe 25 Mei 1890, alilazimika kukimbia pamoja na waamini kuelekea upande wa Bukoba, na kutokana na ukimbizi huo ikazaliwa misioni ya Kashozi. Lourdel hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki Rubaga tarehe 12 Mei 1890, akiwa na umri wa miaka 36. Mwanga mwenyewe alikufa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903.

Hata hivyo, siasa peke yake haielezi yote. Siasa inaweza kumfanya mtu amtumie adui yake. Ila kukaa naye mezani, kumpa uji wakati anatetemeka kwa homa ya safari, kusikia sauti yake asubuhi na jioni huku ukikumbuka sauti za waliokufa, hayo yanahitaji kitu kingine. Sidhani kwamba Lourdel alisahau Munyonyo. Nadhani alimfungulia mlango akiwa anakumbuka kila kitu.

Wapendwa, sikuwasimulia vijana habari hii kwa bahati tu. Majuma mawili yaliyopita viongozi wa jumuiya moja ndogondogo walikuja kwangu na shauri zito. Miaka kadhaa nyuma mwanajumuiya mmoja alitoweka na fedha za mfuko wa misiba. Kwa sababu yake mjane mmoja alimzika mumewe kwa kukopa. Sasa mtu huyo amerudi, ni mgonjwa, hana kitu, na anaomba jumuiya imtembelee kwa sala. Wakaniuliza, “Baba Paroko, twende au tusiende?” Niliwaambia wanipe muda. Kwa kweli sikuwa na jibu, maana mara tu niliposikia jina lake niliona uso wa yule mjane.

Nilikwenda Bukumbi na swali hilo moyoni, na sasa nathubutu kujibu. Nendeni. Msijifanye kwamba hakuiba. Deni lake lisemwe wazi, na ikiwezekana lilipwe, hata kidogo kidogo, kwa mjane aliyedhulumiwa. Asilazimishwe mama yule kuwa wa kwanza kuingia. Tusimtwike mzigo ambao sisi hatukuubeba. Nitakwenda nanyi, nami nitaingia mbele.

Tulipokuwa tukirudi kupitia lile bonde la miti tulikutana na mzee mmoja anayekwenda kuangalia nyavu zake. Nikamwamkia, “Mwangaluka, mzee!” naye akaitikia na kuuliza tumetoka wapi. Nilipomweleza, akasema, “Padri, hapa hata wakati wa dhoruba mtumbwi wowote huingia. Hatuulizi kwanza ni wa nani.”

Kwa wale watakaopenda kufika, Bukumbi iko katika Wilaya ya Misungwi, jirani na Kigongo, ambako tangu Juni 2025 magari yanavuka ziwa kwa daraja kwenda Busisi. Yatazameni maji, lakini msiyaingie ovyo, maana kichocho bado kipo katika fuko zetu. Msikate matawi ya miti ile, imebaki michache. Na mkiketi chini ya kivuli chake, wakumbukeni wapagazi wasio na majina, watoto waliokombolewa, na wale waliozama kabla ya kuiona ghuba hii.

Jumuiya niliyoitaja tutakutana Alhamisi jioni baada ya Misa. Tuombeeni.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.